Pandisha Kidogo, Rafiq

Jumatatu, 11 Septemba 2017

Marehemu Pius, Mgoa wa Mombasa aliyenifundisha kurekebisha sauti za piano, alikuwa na daftari kwa kila piano aliyoishika. Humo aliandika tarehe, hali ya hewa, uzi gani umelegea, na mwenye piano ni mtu wa namna gani, kwa sababu alisema watu huziharibu piano kuliko mvua. Nami nimefungua hili kwa piano ya Dubai Marina.

Ghorofa ya thelathini na moja. Tuliipandisha watu wanne kwa lifti ya mizigo, jasho likitutiririka mpaka kwenye soksi. Mteja ni mama wa Kimarekani, mtunzi wa opera, Madam Corinne Vasek. Ana miaka sitini na moja, mwembamba, nywele nyeupe kazinyoa karibu na ngozi, na nyumbani hutembea pekupeku. Kaikodi piano mpaka katikati ya Desemba, siku opera yake mpya itakapofunguliwa hapa mjini. Kwa sababu nje ni unyevu na ndani kiyoyozi hakizimwi, piano itahama sauti kila wiki, basi nitakuwa nakuja kila Jumatatu. Hazim, bosi wangu kule ghalani Freezone, kaniusia jambo moja tu: huyu ni mgeni wa wakubwa, akisema maziwa ni meusi, mimi niseme yes madam.

Kuna kidude cha kunusa moshi darini, betri yake imekwisha. Kinalia tii, kila dakika tii. Nilitoka pale kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 18 Septemba

Piano sawa, nimegusa nyuzi sita tu. Mke wangu, Mama Afrah, kaniletea achari ya ndimu kwa mkono wa msafiri kutoka Mombasa. Nimempigia nikamwambia tamu sana. Chumvi, wallahi, ngamia angekimbia.

Jumatatu, 25 Septemba

Leo nilipomaliza, madam alikaa akapiga, kisha akarudia vibonye vya juu vya mkono wa kulia. Akasema juu kumelala. "Pandisha kidogo, Rafiq."

Nilipiga chuma changu cha kupimia sauti, kile alichoniachia Pius, nikasikiliza. Piano ilikuwa kweli kabisa, kila noti mahali pake. Nilijua ni kweli kama ninavyolijua jina langu. Lakini mtunzi wa opera ni yeye, mie ni fundi wa ghala. Nikakaza. Akapiga tena, akatabasamu. Nimechora mshale wa kwenda juu pembeni mwa ukurasa huu, kama Pius alivyokuwa akifanya.

Jumatatu, 2 Oktoba

Pandisha kidogo, Rafiq. Mshale wa pili.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mshale wa tatu, na leo nilikaa saa mbili nzima. Alikuwa anasubiri simu, hakutaka kusubiri peke yake. Akanipikia chai ya maji moto tu na jani, nikainywa kwa adabu.

Alinihadithia maisha yake. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akiipigia kinanda kwaya ya kanisa la baba yake, mji wa viwanda vya chuma huko Ohio. Akiwa na ishirini na sita akatunga mchezo wa nyimbo kuhusu wanawake wanaofua mashuka ya hoteli. Mchezo ule ulichezwa New York miaka minne mfululizo, watu wakipanga foleni na miamvuli. Baada ya hapo kila aliyemwita alitaka afue mashuka yaleyale. Yeye alitaka opera. Ya kwanza ilisifiwa. Ya pili ilishushwa baada ya maonyesho matatu, na gazeti moja likaandika kwamba mama huyu kaishiwa. Ya tatu hajaiimba mtu yeyote, imo kabatini. Miaka tisa mizima akala kwa vijiwimbo vya matangazo ya sabuni na bima. Kisha Bwana Humoud, tajiri wa hapa aliyeuona ule mchezo wa mashuka alipokuwa mwanafunzi Marekani, akampigia simu ghafla, akamwambia atunge anachotaka.

Alichotaka ni kisa cha mjane anayekataa kuhama nyumba yake. Serikali inajenga bwawa, maji yanapanda, majirani wote wamekwenda zao. Maji yanapofika kizingitini anaimba wimbo mrefu, na noti ya mwisho iko juu sana. Anaishika peke yake, hakuna ala hata moja inayomsindikiza. Halafu okestra nzima inaingia chini yake kwa noti hiyohiyo. Madam alinipigia pale kwenye piano, polepole, na mie mwili ukanisisimka.

"Hii ikianguka," akaniambia, "hakuna atakayeniita tena. Nitakuwa nimekufa nikiwa natembea."

Aliyasema bila kujionea huruma, kama anayetaja bei ya nyanya. Nimempenda mama huyu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mshale wa nne. Halafu jambo jingine.

Kile kidude cha moshi bado kinalia. Wiki ya sita sasa. Nikamuuliza, madam, hakikusumbui hicho? Akauliza kipi. Kikalia wakati huohuo, tii, juu ya kichwa chake hasa. Yeye ananitazama, anangoja jibu langu.

Nikageuza maneno. Nikasema joto, madam, joto la nje. Akacheka, akasema kwao sasa hivi majani yanaanguka.

Jumanne, 17 Oktoba

Sikwenda popote baada ya kazi. Nimekaa kitandani hapa Al Warqa, kwenye chumba chetu cha nyuma ya villa. Swaibu, Mganda ninayeishi naye, yuko zamu yake ya ulinzi.

Namkumbuka mama. Alikuwa mshonaji wa kofia, Mji wa Kale, wale wa kutoboa tundu moja moja kwa sindano na kuizungushia uzi. Macho yalipoanza kumfifia, matundu yakaenda upande. Dada yangu Sheikha ndiye aliyeona kwanza. Tukakubaliana tusimwambie. Kila mama alipokwenda kuoga, Sheikha anafumua, anashona upya, anairudisha kofia pale pale mkekani. Miaka miwili. Wateja hawakujua, na mama akafa akijiona bado fundi. Sikuzote nimehesabu jambo lile kuwa jema kuliko yote tuliyomtendea.

Basi na huyu nitamstahi vivyo hivyo. Mtu mzima haambiwi usoni kwamba sikio lake limechoka. Labda ni vile vya juu tu. Labda itatosha.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mshale wa tano. Nimekwepa kutazama darini.

Jumatatu, 30 Oktoba

Wa sita. Hewa imeanza kupoa. Programu ya simu ya kupimia sauti, ambayo Pius angenizomea kwa kuitumia, mshale wake umekwenda kulia kabisa, yaani juu mno. Nimeifuta kwenye simu.

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nilimkuta Nada, mwimbaji atakayeigiza yule mjane. Ni binti wa Kilebanoni, miaka thelathini hivi, anakunywa maji ya tangawizi kutoka kwenye chupa kubwa kama ya mtoto wa shule. Waliifanyia mazoezi noti ya mwisho. Nada aliishika barabara. Kweli tupu, mie nilikuwa nimesimama jikoni nikalowa macho.

Madam akamwambia iko chini. Akampigia kibonye kwenye piano, piano yangu ya mishale sita, kisha akamwambia asikie mwenyewe. Nada akakunja uso. Akasikiliza, akapanda kuifuata. Akanitupia jicho kidogo, la kuuliza. Nikajitia natafuta kitambaa cha kupangusia.

Mshale wa saba.

Jumatatu, 13 Novemba

Ukungu tangu alfajiri, barabara zote zimeziba, nimefika saa nne. Uzi mmoja wa juu ulikatika nikiukaza, ukanichana kidole cha shahada. Madam alinifunga mwenyewe kwa plasta, akiniomba radhi kana kwamba ni kosa lake. Mshale wa nane. Una damu.

Jumatatu, 20 Novemba

Leo mazoezi ya kwanza ya okestra, ukumbini. Hazim alinituma niende nikae kando, pengine madam atanihitaji. Laiti ningeumwa.

Nada aliimba wimbo wote vizuri. Ikafika noti ya mwisho. Akaishika, na madam, aliyekuwa amekaa safu ya tano, akainua kidole: juu zaidi. Nada akapanda. Juu zaidi. Akapanda tena, akabaki huko peke yake, shingo imemtoka mishipa. Kisha okestra ikaingia chini yake.

Sijui nieleze vipi. Wapiga fidla wawili walitazamana. Kiongozi wa okestra, mzee mpole ambaye hata kukohoa huomba ruhusa, aliiweka fimbo yake chini. Akasema Nada yuko juu mno. Madam akasema hapana, okestra ndiyo imelala, na piano ya ukumbi pia imelala, ya nyumbani kwake ndiyo sawa. Wakarudia mara nne. Mara ya nne hata yeye aliona kuna kitu kimeharibika, maana nyuso za watu alikuwa anaziona. Basi akamgeukia Nada. Akasema binti huyu hana sikio, atafutwe mwingine London kabla ya mwisho wa wiki.

Nilimkuta Nada kwenye korido kakaa juu ya sanduku la ngoma, analia bila sauti. Akanishika mkono wa shati.

"Wewe ndiye unayeitengeneza ile piano. Niambie, mimi ni kiziwi?"

Nikamwambia inshallah kheri. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, mwenye chuma cha Pius mfukoni, nasema inshallah kheri na kumpita.

Jumatano, 22 Novemba

Hazim anauliza mbona sili. Nimemwambia tumbo.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimetoka swala, nikampigia Mama Afrah nikiwa bado nje ya msikiti. Sikukusudia kumwambia, lakini nilipoanza sikuweza kujizuia. Nikamweleza piano, kidude cha moshi, mishale, Nada. Nikamalizia kwamba nilitaka kumstahi tu, kama tulivyomstahi mama na kofia zake.

"Baba Afrah," akasema, "mama yako alijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Alijua kama Sheikha anafumua. Vidole vyake vilikuwa vinaona. Aliniambia mwaka ule niliokuwa namwogesha. Hakukasirika. Alisema tu, watoto wangu wameniacha peke yangu na macho yangu."

Nilikaa juu ya ukuta wa maegesho. Miaka kumi na moja nimembeba mama yangu moyoni kama mtu aliyekufa ameridhika. Kumbe kila kofia tuliyomrudishia mkekani alikuwa anaipapasa na kujua. Na hakuna hata mmoja wetu wa kuzungumza naye.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimekwenda bila kuitwa. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, nilipofunguliwa mlango yakaniruka yote.

Madam alikuwa hajalala, macho mekundu. Akasema leo si Jumatatu. Nikasema najua. Nikachukua kiti cha jikoni, nikakiweka chini ya kile kidude cha moshi, nikamwomba apande. Nadhani alifikiri nimerukwa na akili, lakini alipanda, pekupeku vile vile, mkono wake begani kwangu. Nikamwonyesha kitaa kidogo chekundu pembeni mwa kidude. Nikamwambia akitazame tu.

Kitaa kikawaka, na tii yake papo hapo. Nikasema, "Sasa."

Akanitazama chini. Nikamwambia aendelee kutazama. Dakika ikapita. Kikawaka. "Sasa." Ikapita nyingine. "Sasa." Mara ya nne kitaa kilipowaka sikusema kitu, na nikahisi vidole vyake vinaniuma bega.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Kinalia?"

"Kinalia, madam."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoleta piano."

Akashuka. Akaenda kwenye piano, akapiga kibonye kimoja cha juu, kilekile tulichokikaza wiki nane, mara nyingi, akainamisha kichwa karibu na mbao. Halafu akauliza na hii je. Nikatoa daftari hili nikampa. Hajui Kiswahili, ila tarehe anazijua, na mishale anaiona. Alifungua ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye kila mshale. Alihesabu minane. Kwenye ule wa damu alisita.

Nikamwambia yote. Piano ilikuwa sawa siku ya kwanza. Nada alikuwa sawa. Okestra ilikuwa sawa. Mie nilijua, nikakaza nyuzi, nikanyamaza kwa sababu niliona hiyo ndiyo heshima.

Hakulia. Alikasirika kwanza, na ilikuwa haki yake. Akasema watu wamemdanganya maisha yake yote kuhusu mambo makubwa, kwamba opera mbovu ni nzuri na nzuri ni mbovu, lakini hakuna aliyewahi kumdanganya juu ya piano yake. Akaniambia nitoke. Nikatoka. Kwenye lifti nilihesabu ghorofa zote thelathini na moja, na kifuani palikuwa pepesi.

Jumapili, 26 Novemba

Simu kimya. Nimemwambia Hazim kila kitu, kabla hajasikia kwa mwingine. Kasema madam akilalamika, khalas, nifunge mizigo yangu. Nikamwambia sawa. Alishangaa nilivyosema.

Jumatatu, 27 Novemba

Kapiga mwenyewe saa mbili asubuhi. "Leo ni Jumatatu, uko wapi?"

Alikuwa amekwenda kwa daktari jana. Akanionyesha karatasi ya kipimo cha masikio, yenye mstari unaotoka kushoto vizuri, halafu ukifika kulia unaporomoka. Sauti za juu zimekwenda, na zilizobaki huko zinamfikia zimepinda, zikiwa chini kuliko zilivyo. Haitapona. Alisema amemfuata Nada hotelini kwake asubuhi ya leo, akamwomba radhi mlangoni na kumsihi arudi, Nada akiwa bado na taulo kichwani.

Kisha akaniambia niishushe piano yote mpaka kwenye kweli. Ilichukua saa tatu. Alikaa sakafuni karibu yangu muda wote, akitazama mikono. Nilipomaliza akasema kwake inasikika imelala. Nikamwambia najua, madam. Akasema, "Lakini si imelala." Nikasema hapana.

Nadhani hiyo ndiyo hapana yangu ya kwanza kwa mwajiri tangu nije nchi hii.

Alinieleza kwamba hakuiandika ile noti kwa sikio. Aliiandika kichwani, na huko bado iko wima. Asichoweza sasa ni kujua kama walio nje wanaimba ileile. Akamwomba Hazim nikae naye ukumbini mpaka siku ya kufungua. Kazi yangu ni moja. Ikiwa kweli, mkono wangu unabaki juu ya goti. Isipokuwa kweli, niugeuze kiganja juu.

Nimebadilisha na betri ya kile kidude. Kabla sijashuka kitini aliniuliza kama kimenyamaza. Nikamwambia kimenyamaza.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimegeuza kiganja mara kumi na saba. Mara moja kwa kiongozi wa okestra mwenyewe, ambaye alicheka akaniamkia kwa kichwa.

Jumatatu, 11 Desemba

Mvua. Ya kweli, ya kulowesha, watu wa ofisi za jirani wametoka nje kupiga picha. Nada ameishika mara tano, mara tano kweli. Madam anazunguka ukumbini siku nzima. Anaogopa.

Alhamisi, 14 Desemba

Nimevaa suti ya Swaibu, mikono mifupi kidogo. Ukumbi umejaa. Nilikaa kulia kwa madam, Bwana Humoud kushoto kwake, na alinishika kifundo cha mkono tangu pazia lilipofunguka.

Maji yakapanda. Majirani wakahama. Nada akabaki peke yake kizingitini na akaimba wimbo wote namna ambayo sijawahi kumsikia, hata mwanamke mmoja nyuma yetu akasema ya Rabbi. Ikaja noti. Ikasimama peke yake hewani, kweli, kweli, kweli. Halafu mwishoni kabisa, kabla okestra haijaingia, pumzi ikamwishia kidogo. Ikashuka. Unywele mmoja. Okestra ikaingia, ikamdaka, taa zikazimika.

Watu walisimama. Sijui walipiga makofi muda gani. Madam alipandishwa jukwaani, akarudi na maua yanayomfunika kifua, na kila aliyemfikia alimwambia haijawahi kutokea. Bwana Humoud alimshika mabega akasema ile noti ya mwisho ilikuwa kamili. Madam akamshukuru. Akamshukuru na aliyefuata, na aliyefuata.

Kisha akanijia mimi, nilikokuwa nimejibanza ukutani na suti yangu fupi. Akauliza noti ya mwisho ilikuwaje.

Usiku wa maisha yake. Miaka tisa ya sabuni na bima.

"Ilishuka, madam. Mwishoni kabisa. Kidogo tu."

Akanitazama. Halafu akacheka, machozi yakamtoka hapohapo mbele ya watu wote, akanipa yale maua niyashike ili ajipanguse. "Wengine mia nane wamenisifu," akasema, "na sikuwa na njia ya kuwaamini. Wewe umeniambia iliposhuka, sasa naweza kuuamini na wimbo uliobaki."

Jumatatu, 18 Desemba

Piano imerudi ghalani. Madam kaondoka jana. Nyumba moja ya opera kwao imeitaka kazi hii mwakani, na nyingine imeuliza juu ya ile iliyoko kabatini. Ameniachia kitabu kizima cha noti alizoandika kwa mkono. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya ile noti, kachora mshale mdogo wa kwenda juu na kuukata kwa kalamu nyekundu.

Jioni nilimpigia Mama Afrah. Alikuwa na habari njema, kapata msafiri, kuna chupa nyingine ya achari inakuja. Nikapiga moyo konde.

"Mama Afrah, achari yako ina chumvi nyingi. Sijawahi kuimaliza hata chupa moja."

Nikasikia Afrah anauliza kitu nyuma yake, na mama yake anamwambia angoje.

"Miaka sita," akasema hatimaye. "Mwaka wa kwanza nilitia kijiko kimoja, ukasema tamu sana. Nikaona kumbe wapenda chumvi. Kila mwaka nakuongezea."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka Swaibu akatoka bafuni kuuliza kuna nini. Tulizungumza mpaka simu ikaisha chaji.